SOMO LETU: KUKAA KARIBU NA MUNGU KILA SIKU



Somo la mara hii limetoka katika kinywa cha mmoja wetu. Jioni moja, kiisha sala ya interna, alituambia hivi: "Ba yaya, miye naomba kila asubui, lakini hakuna kintu nasikia mu roho. Ni kama nasemea ukuta." Wengine walicheka kidogo. Lakini tulipokwenda kulala tuliona ya kuwa ndugu yule amesema kwa sauti neno ambalo wengi wetu tunalificha. Tunafunga macho, tunasema maneno yale yale ya jana, tunasema Amina, tunakimbia kwenda kupiga mstari. Je, hiyo ni sala? Na kama si sala, tufanye namna gani?

Sisi wa Kikundi cha Biblia tulichukua ulizo lile, tukalifanyia kazi. Hatuandiki kama watu waliofika. Tunaandika kama watu walio njiani, wenye kuanguka na kusimama.

1. VILE TULIVYOJARIBU NA KUSHINDWA

Tulikuwa watu 14. Tulipatana siku 40: kila mtu aamke mbele jua halijatoka, asome Neno, akae kimya, aombe, kiisha aandike mstari mmoja katika kaye yake. Tulianza kwa nguvu. Siku ya kwanza wote 14 waliamka. Siku ya tisa tulibaki 6.

Tulikaa pamoja tukaulizana sababu, bila kuhukumiana. Mmoja alisema ni baridi ya mwezi wa sita, ile yote tunaijua hapa Likasi, ile inayofanya blanketi kuwa tamu kupita kila kitu. Mwingine alisema anaishi kwao katika chumba kimoja na watu saba, hana mahali. Wa tatu alisema aliweka sura sita za Biblia kwa siku, akachoka. Lakini wengi walisema neno moja: "Sikusikia kitu." Walingojea moto katika moyo, moto haukuja, wakaacha.

Tena tuliona jambo lingine la kuchekesha na la kuhuzunisha. Juma moja mbele ya ekzame, wote 14 walirudi, na wengine wapya pamoja nao! Chumba kilijaa. Kiisha ekzame, tulibaki 5. Hapo tulielewa ya kuwa wengi wetu tunamtumia Mungu kama vile mtu anavyotumia mwavuli: mvua ikikatika, mwavuli unarudi nyuma ya mlango.

Basi tulijiuliza: kosa letu la kwanza ni lipi? Tulifikiri ni uvivu. Leo tunaona si uvivu peke yake. Tulikuwa hatujui vile kazi hii inavyofanyika. Tulidhani kazi ya sala ni kusikia kitu. Lakini kazi ya sala ni kukaa karibu, na kukaa karibu kila siku.

2. JIWE NDANI YA DROO

Sisi watu wa upande huu tuko na mfano ambao wengine hawana. Kilometa 20 hivi kutoka Likasi kuko Shinkolobwe. Jiwe la uranium lilivumbuliwa pale mwaka 1915. Union Minière ilichimba pale, kwanza kwa ajili ya radium, na mawe yalipelekwa mpaka Ubelgiji. Wakati wa vita kubwa ya pili mawe ya Shinkolobwe yalipelekwa Marekani, na nguvu iliyotoka ndani yake iliingia katika kazi ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 ya mwezi wa nane mwaka 1945. Mashimo ya kampani yalifungwa mbele ya uhuru wa mwaka 1960. Nyuma, watu walirudi kuchimba kobalti kwa mikono. Mwezi wa kwanza mwaka 2004 Serikali ilikataza kazi ile kwa amri, na mwezi wa saba mwaka ule ule shimo lilianguka, watu 8 wakafa. Nyumba za wachimbaji zilivunjwa, watu wakaondoshwa. Wako kati yetu wanafunzi ambao wazee wao walitoka pale.

Jiwe lile linafanya kazi namna gani? Profesa wetu wa fizike alitueleza habari ya Henri Becquerel, Mfaransa. Mwaka 1896, mbele Shinkolobwe haijajulikana, alikuwa Paris anatafuta kujua kama chumvi ya uranium ikipigwa na jua inaweza kutoa mwangaza wa kuandika juu ya kioo cha picha. Alifunga vioo vyake katika karatasi nyeusi, akaweka chumvi ile juu. Kati ya kimoja na chumvi aliweka msalaba mdogo mwembamba wa shaba. Lakini siku zile Paris ilikuwa na mawingu, jua halikutoka. Basi akaweka vyote ndani ya droo, akaifunga. Siku chache zikapita. Tarehe 1 ya mwezi wa tatu alitoa vioo vile akavisafisha, akidhani ataona alama hafifu sana. Aliona alama yenye nguvu, na umbo la msalaba limeandikwa pale. Hakukuwa jua. Hakukuwa sauti. Ilikuwa giza, na kukaa karibu, na siku kupita.

Ndugu, tuliposikia habari ile tuliangaliana. Bwana wetu katika Matayo 6:6 alisema juu ya chumba cha ndani, na mlango uliofungwa, na Baba anayeona mahali pa siri. Kioo kile katika droo hakikusikia kitu. Lakini kilikuwa kinaandikwa.

Mfano huu uko na mpaka, tusiuvute kupita. Jiwe la Shinkolobwe linaharibu mwili wa mtu. Yule anayevuta mavumbi yake mwaka kwa mwaka hasikii kitu siku ile, lakini mapafu yake yanaandikwa ubaya. Kwa hiyo tunawaomba wadogo wetu: msiende kuokota mawe kule, hata mtu akiwaahidi feza. Lakini mpaka huu wa mfano unatufundisha neno la pili. Kila kitu tunachokaa nacho karibu kinatuandika, kizuri na kibaya. Mtu anayelala na kinyongo juu ya mwenzake usiku kwa usiku, hasikii kitu, lakini kinyongo kinaandika. Mtu anayeshinda katika telefone akiangalia mali ya wengine, hasikii kitu, lakini wivu unaandika. Hakuna moyo usioandikwa. Ulizo ni hili tu: tunakaa karibu na nini?

3. KUTAFAKARI NI KUFANYA NINI?

Wengine wanasikia neno "kutafakari" wanafikiri ni jambo la watawa, au la watu wenye elimu kubwa, au ni kukaa na kuondosha mawazo yote kichwani mpaka kichwa kinakuwa kitupu. Biblia haisemi hivyo.

Katika Zaburi 1:2 na katika Yoshua 1:8 tunaona neno la Kiebrania "haga". Neno hilo ni la kinywa kama vile la moyo. Katika Isaya 38:14 ni sauti ya njiwa anayelia pole pole. Katika Isaya 31:4 ni sauti ya simba anayenguruma juu ya nyama aliyoikamata. Basi kutafakari ni kulisema Neno kwa sauti ndogo, kulirudilia, kulishikilia kama simba anavyoshikilia nyama, wala si kulimeza mara moja. Ni kama mama anayebeba mtoto mgongoni na kuimba wimbo mmoja tu, akirudilia na kurudilia, mpaka mtoto anatulia.

Wengine watasema: "Sisi hatujui kufanya hivyo." Tunawajibu: mnajua sana. Yule anayejua kusumbuka anajua kutafakari. Mtu aliyekosa minerval anafanya nini usiku? Anachukua neno moja, "feza, feza, feza," analigeuza upande huu na upande ule, anaamka nalo, anakula nalo bukari, anakwenda nalo masomoni. Hiyo ni kutafakari kabisa, lakini juu ya deni. Mungu hatuombi tujifunze kazi mpya. Anatuomba tubadilishe lile neno tunalolitafuna.

4. WALE WALIOTUTANGULIA

Danieli alikuwa mtumishi mkubwa wa Serikali, mwenye kazi nyingi, tena katika inchi ya ugeni. Aliomba mara tatu kwa siku (Danieli 6:10). Sheria ya kumkataza ilipotoka, hakuanza sala mpya kwa sababu ya hofu. Aliendelea na ile aliyoizoea. Ingalikuwa hana mazoea mbele ya shida, angaliyapata wapi siku ya simba?

Bwana Yesu mwenyewe, kiisha usiku wa kazi nyingi ya kuponya wagonjwa, aliamka kungali giza, akatoka, akaenda mahali pa peke yake (Marko 1:35). Kama Mwana wa Mungu alitafuta saa na mahali, sisi ni nani tuseme tutaomba popote wakati wowote? Mtu anayesema "popote, wakati wowote" mara nyingi haombi mahali pamoja wala wakati mmoja.

Martin Luther, mwaka 1535, aliandika kitabu kidogo kwa kinyozi wake, jina lake Peter, aliyemwuliza namna ya kuomba. Tunapenda kwamba mtu mkubwa wa elimu aliketi kumwandikia kinyozi. Alimwonyesha ya kuwa kinyozi mzuri anaweka macho na mawazo juu ya wembe na ndevu. Akianza kupiga hadisi huku na huku, atakata mtu pua. Hata sala inataka macho yakae juu ya kazi. Tena alimpa njia ya nyuzi nne, ambayo tutaionyesha hapa chini.

Mama Susanna Wesley wa Uingereza, mama yake John Wesley, alizaa watoto 19, na 10 kati yao walikua. Nyumba ilikuwa na makelele. Inasimuliwa ya kuwa alipotaka kuomba alifunika kichwa chake na aproni yake, na watoto walijua: Mama sasa yuko na Mungu, tusimsumbue. Basi chumba cha ndani kinaweza kuwa kitambaa tu! Mwenzetu wa watu saba katika chumba kimoja alipopata habari hii, alifurahi sana. Sasa anafunika kichwa na kikwembe cha mama yake, na wadogo wake wamekwisha kuzoea.

Na hapa kwetu Katanga? Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwezi wa pili mwaka 1886. Nyuma yake alikuja Dan Crawford, aliyekaa katika inchi hii mpaka kufa kwake mwaka 1926, na aliyefanya kazi ya kutia Neno katika lugha ya Kisanga. Agano Jipya lilitoka mwaka 1904, Biblia nzima mwaka 1928. Tunataja jambo hili kwa sababu moja. Neno lilitiwa katika lugha ya wazee wetu ili lisemwe katika kinywa kile kinacholia na kucheka. Wengi wetu tunasoma kwa Kifaransa, tunahubiri kwa Kiswahili kizuri cha kitabu, lakini tukiumia tunalia kwa lugha ya nyumbani. Omba katika lugha unayolia nayo. Kama ni Kisanga, Kiluba, Kibemba, Kilunda au Kiswahili cha site, Mungu hana lazima ya mutarjumani.

5. NAMNA YA KUFANYA: DAKIKA 15

Kiisha kushindwa kwetu, tulikata mzigo. Badala ya sura sita, mistari sita. Badala ya saa nzima, dakika 15. Tuliona ni afazali dakika 15 kila siku kuliko saa mbili mara moja kwa mwezi.

Jioni, mbele ya kulala: Chagua mistari ya kesho. Weka Biblia mahali mkono unapofika. Kama kuranti inakatika mara kwa mara, kariri mstari mmoja jioni, ili asubuhi giza lisiwe sababu.

a) Nyamaza (dakika 2). Keti. Usiseme kitu. Mawazo yatakuja kama nzi juu ya mezani: kazi ya mate, mpira, deni, mtu aliyekutukana. Usipigane nayo. Sema tu, "Bwana, niko hapa," kama Samweli mdogo (1 Samweli 3), na urudi.

b) Soma (dakika 3). Soma pole pole, kwa sauti ndogo, mara mbili. Usitafute neno la kuhubiria wengine. Tafuta neno linalokusimamisha wewe.

c) Tafuna (dakika 5). Chukua neno lile moja. Lirudilie kama njiwa. Uliza: neno hili linasema nini juu ya Mungu? Linaniona mimi wapi?

d) Omba kwa nyuzi nne (dakika 4). Hii ndiyo njia ya kinyozi. Uzi wa kwanza ni fundisho: Bwana, katika neno hili unanifundisha nini? Wa pili ni shukrani: nakushukuru juu ya nini? Wa tatu ni toba: neno hili linafunua kosa gani langu? Wa ine ni ombi: sasa nisaidie hivi na hivi. Ukikaa juu ya uzi mmoja asubuhi yote, ni vema pia. Usikimbie ili kumaliza ine.

e) Andika (dakika 1). Mstari mmoja tu katika kaye. Hata kama ni, "Leo nilisinzia." Andika kweli.

Kiisha, beba neno lile mchana. Ukingojea maji ku robine, ukipanda mlima kwenda masomoni, ukifagia kelasi, lirudilie. Dakika 15 za asubuhi ni mbegu. Mchana ndio shamba.

6. NDUGU ALIYESHINDWA KUSEMA "BABA YETU"

Sasa turudi kwa ndugu yule aliyesema anasemea ukuta. Tunaandika habari yake kwa ruhusa yake, bila jina.

Tulipoanza tena mara ya pili, tuliona ya kuwa anakuja kila asubuhi, lakini tukifika kwa sala ya Bwana, kinywa chake kinafungwa. Tulimkosea hapo. Mmoja wetu alimwambia, "Uongeze imani." Mwingine alimwambia labda ana zambi iliyofichika. Alinyamaza. Siku tatu hakuja.

Nyuma tulijua sababu. Baba yake alikuwa mchimbaji wa mikono, naye alifia katika shimo, na ndugu yetu alikuwa mtoto wa kelasi ya ine. Tangu siku ile, neno "baba" likifika katika kinywa chake, linasimama kama mfupa. Hakuna aliyemwuliza kwa miaka yote ile. Wote walimwambia tu, "Jikaze, wewe ni mwanaume."

Tulikwenda naye kwa muzee mmoja wa kanisa, mtu aliyeishi Shinkolobwe mpaka watu walipoondoshwa mwaka 2004. Tulidhani atampa hubiri refu. Muzee alimwangalia, akasema: "Mwana yangu, Mungu haogopake kilio. Umuambie vile iko." Kiisha alifungua Zaburi 13, akaweka kidole juu ya mistari miwili ya kwanza. Mle Daudi anamwuliza Mungu mpaka wakati gani, tena si mara moja, mara ine. Muzee akasema: "Kaa hapa. Usiende mbali. Siku utasikia kwenda mbali, utaenda."

Ndugu yetu alikaa juu ya mistari ile miwili siku 20. Kila asubuhi, yale maulizo mane. Sisi tulikaa naye, hatukumsukuma. Tuliona kaye yake, alitupa ruhusa. Siku nyingi ameandika, "Leo nilikasirika." Siku moja ameandika, "Leo nililia, mara ya kwanza." Siku ya ishirini na moja alisoma zaburi mpaka mwisho, pale Daudi anapotegemea rehema na kuimba. Tulimwuliza, "Sasa umepona?" Alitujibu: "Hapana. Mwisho wa zaburi bado haijakuwa neno yangu. Lakini naisoma, juu najua iko."

Ndugu zetu, tulifundishwa na jibu lile kuliko na mahubiri mengi. Tulidhani sala nzuri ni ile inayomalizika na furaha. Lakini katika Biblia kuna Zaburi 88, ambayo neno lake la mwisho ni la giza, na Mungu aliiacha ikae katika Kitabu chake. Mtu anayemlilia Mungu katika giza hajaondoka karibu na Mungu. Yuko ndani ya droo, na mlango umefungwa, na Baba anaona.

Leo anasema sala ya Bwana pamoja nasi. Siku nyingine anasimama kwa neno la kwanza. Sisi sote tunasimama pia, tunangojea, kiisha tunaendelea pamoja.

7. MAMBO YA KUANGALIA

Kwanza, tusijionyeshe. Yule anayeomba ili interna nzima isikie amekwisha kupata mshahara wake (Matayo 6:5).

Pili, sala si dawa ya ekzame. Tunaomba, kiisha tunafungua kitabu cha matematike. Mungu hatatuandikia ekzame ya Leta. Aliyekesha kuomba usiku wote na akasinzia kelasini amemwibia profesa wake na yeye mwenyewe.

Tatu, na hili ni zito: tupime kila sauti. Katika miji yetu wako watu wanaosema, "Mungu ameniambia katika maombi ya kuwa mtoto huyu ni mulozi," au "bibi huyu ndiye anafunga njia yako." Watoto wanafukuzwa nyumbani, bibi wanapigwa. Ndugu, kama ukikaa kimya ukasikia sauti inayokutuma kumchukia mtoto au kumshitaki mzee, sauti ile si ya Bwana Yesu, yeye aliyechukua watoto katika mikono yake. Simama, ondoka, uende kwa mchungaji wako au kwa mwalimu unayemwamini. Tunda la sala ya kweli ni mapendo. Sala inayozaa woga na mashitaki inatoka mahali pengine.

Ine, ukianguka, usihesabu siku ulizopoteza. Anza kesho asubuhi. Mtu aliyekosa kula jana hakatai bukari ya leo.

MASOMO YA JUMA MOJA

Siku ya kwanza: Zaburi 1
Siku ya pili: Marko 1:32-39
Siku ya tatu: Zaburi 13
Siku ya ine: Matayo 6:5-13
Siku ya tano: 1 Samweli 3:1-10
Siku ya sita: Luka 10:38-42
Siku ya Mungu: Zaburi 103:8-14

MAULIZO YA KUFIKIRI NA KUJIBU PAMOJA

1. Juma lililopita, moyo wako ulikaa karibu na nini zaidi? Jibu kweli, hata kama ni peke yako.
2. "Chumba chako cha ndani" kiko wapi? Kama huna, unaweza kukipata wapi hapa masomoni au kwenu?
3. Kuna neno katika sala ambalo linasimama katika kinywa chako? Ni nani ungeweza kumwambia?
4. Tulimwambia ndugu yetu "uongeze imani." Mungalimwambia nini ninyi?
5. Kwa walimu wetu, kwa heshima: je, tunaweza kupata dakika 15 za kimya mbele ya kengele ya kwanza, kwa wale wasio na mahali nyumbani?

Tunamaliza. Hatuwaahidi ya kuwa kesho asubuhi mtasikia moto. Pengine mtasikia baridi tu, na usingizi, na jogoo la jirani. Ketini hata hivyo. Kioo katika droo hakikujua ya kuwa kinaandikwa, mpaka siku kilipotolewa katika mwangaza.

Mwenye kutaka kuanza nasi, tunakutana siku ya kwanza mbele ya kengele, katika kelasi iliyo karibu na chapeli. Leta Biblia, kaye, na blanketi kama ni baridi.

Ni sisi wenzenu,
Kikundi cha Biblia